Alama Ibaki, Msumari Utoke

Maandiko: 2 Samweli 13:20–29, Yohana 20:24–29, Waebrania 12:14–15

 

Leo nataka tuzungumze juu ya misumari. Wengi wenu mnajua kazi ya mikono yangu. Jumapili nasimama hapa na Biblia, lakini Jumatatu hadi Jumamosi niko na msumeno. Mteja analeta gogo lake, mimi napasua mbao, analipa kwa futi. Na ninyi mlio na biashara mtakubaliana nami kwamba Mungu hufundisha watu wake hata kwenye vumbi la kazi.

Miti ninayopasua sana ni mukima, yaani grevilea. Mti huu asili yake ni Australia, ukaletwa Afrika Mashariki uwe kivuli cha kahawa na chai. Leo ukitoka Kianjokoma ukapita Runyenjes, Chuka, Nkubu, mpaka Githongo, utauona kila shamba, umesimama kwa mstari. Na umepandwa wapi? Mpakani. Pale shamba langu linapoishia na la jirani linapoanzia. Tena mwezi wa Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyoongezwa muda tena na tena mpaka Rais akatangaza kuiondoa Julai 2023, watu walitegemea zaidi miti ya mashambani. Wengine walikata hata mti uliopandwa na babu.

Sasa sikiliza. Mti uliokua katikati ya msitu mara nyingi ni safi ndani, maana haukuishi na watu. Lakini mti wa nyumbani umeishi na watu! Mmoja alipigilia seng'enge. Mwingine akafunga waya wa kuanikia nguo. Mwingine akafunga mnyororo wa mbuzi, akausahau. Wakati wa kampeni, vijana walipita usiku na mabango na nyundo. Mtu akatundika mzinga wa nyuki. Hakuna aliyeuliza mti kama unaumia. Kwa hiyo mteja akileta gogo, kabla sijauliza habari ya malipo nauliza: "Huu mti ulikuwa umesimama wapi?" Akisema mpakani, najua leo tutatafuta chuma.

Mtu wa Mungu, kuna mambo matatu kuhusu chuma ndani ya mti. Yashike.

La kwanza: mti hautemi msumari, unaumeza. Mti hunenepa kwa kuongeza mbao mpya chini tu ya ganda, mwaka baada ya mwaka. Msumari ukipigwa leo, kichwa chake unakiona. Miaka michache baadaye ganda limeukaribia. Miaka kumi, huoni kitu. Ukiupitisha mkono ni laini. Mwenye shamba mwenyewe anakuapia kwamba mti wake hauna kitu, na hadanganyi. Amesahau. Labda ni baba yake aliyepiga.

La pili: mti unarefuka, lakini msumari haupandi nao. Watu wengi hawajui hili. Mti hurefuka kwa juu, kwenye ncha. Msumari uliopigwa usawa wa kifua utaukuta usawa wa kifua hata mti ukifika futi sitini. Umenielewa? Uliumizwa ukiwa darasa la sita. Ukakua, ukaokoka, ukaoa, ukanunua shamba, leo una wajukuu. Watu wanaona urefu wako na wanasema huyu amebarikiwa. Lakini msumari uko pale pale ulipopigiwa. Miaka haijausogeza hata nchi moja.

La tatu: msumari uko kwenye sehemu ya thamani. Gogo la chini, lile la kutoka shinani, ndilo nene na ndilo linalotoa mbao pana. Na ndilo lenye vyuma, kwa sababu ndipo mkono wa mtu unapofika. Hakuna anayepanda juu kabisa kupigilia seng'enge. Vivyo hivyo, aliyekupiga msumari hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa ndugu. Alikuwa mama wa kambo, shemeji, mume, mtu mliyekula naye sahani moja. Mtu wa mbali mkono wake haufiki pale.

Twende kwenye 2 Samweli 13. Tamari, binti wa mfalme, alitendewa unyama na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Daudi akasikia, akakasirika sana, lakini hatusomi kwamba alifanya lolote. Naye Absalomu, ndugu wa Tamari? Biblia inatuambia kwamba hakumwambia Amnoni neno, si jema wala baya. Alimchukia kimya kimya. Wapendwa, hilo ndilo ganda linalofunga! Miaka miwili mizima. Mtu akimwangalia Absalomu mezani anasema, "Huyu amesahau, ameendelea na maisha." Kisha ikaja siku ya kukata manyoya ya kondoo, siku ya karamu, na damu ikamwagika. Amnoni akafa, Absalomu akakimbilia uhamishoni, nyumba ya Daudi ikapasuka. Na Tamari? Aliachwa ukiwa nyumbani kwa ndugu yake. Ukimya wa Daudi haukumsaidia, na upanga wa Absalomu haukumponya.

Kila familia ina siku yake ya kupasuliwa. Kwetu huku ni siku ya mazishi. Ni siku ya mahari. Ni siku ile mpimaji anakuja kugawa shamba la mzee. Hapo ndipo unasikia kelele ya chuma! Watu walioimba pamoja kwaya wanashikana mashati juu ya futi mbili za mpaka. Si ati wamechukiana leo. Msumeno umefika tu mahali msumari ulipo.

Na sikiliza hili kwa makini. Msumeno ukigonga chuma, jino linaweza kuvunjika na kuruka. Likiruka halimtafuti aliyepiga msumari. Yule labda alishazikwa zamani. Linamtafuta aliyesimama karibu. Mzee, ulipigwa msumari na baba yako, lakini anayeumia leo ni mke wako. Mama, ulidharauliwa na mama mkwe, lakini anayekwaruzwa ni binti aliyeolewa na mwanao. Ndiyo maana Waebrania 12:15 inatuonya juu ya uchungu unaochipuka: haumsumbui mwenye nao peke yake, unawachafua wengi.

Sasa niseme kidogo juu ya wateja, maana hapa kuna wenye duka, wauza miraa, mafundi, wenye matatu, na nyote mna wateja wagumu. Mimi ninao. Kuna anayeleta gogo jembamba na kutaka litoe mbao za nyumba nzima. Kuna anayehesabu mbao mara nne na bado anaona umemwibia. Kuna anayesema atalipa bonasi ya chai ikitoka, na bonasi ikitoka simu yake haishiki.

Nakumbuka mama mmoja, mjane. Alisimama kando ya mashine tangu asubuhi, kila banzi likianguka analiokota na kuliweka upande wake. Vijana wangu wakaanza kunung'unika: "Pasta, huyu mama ametuchosha. Hata mabanzi anatuhesabia?" Nikawaambia mwacheni, ni mali yake. Gogo la tatu, msumeno ukalia ile sauti tunayoijua. Tukazima injini. Tukachimba kwa patasi, tukatoa kipande cha seng'enge na misumari miwili iliyoshika kutu. Nilipomwonyesha, nilijua tutaanza ugomvi wa nani atalipa msumeno. Lakini yule mama alikishika kile kipande cha waya, akakaa chini juu ya gogo, akalia.

Akasema: "Pasta, hii ni seng'enge ya shemeji yangu. Mume wangu alipozikwa, hata arobaini haijaisha, aliivuta akaipigilia kwenye miti yangu, akasema mpaka ni hapa. Miti mingine aliiuza, sikuonyeshwa hata shilingi."

Mnaona? Yule mama hakuwa anatuhesabia mabanzi sisi. Alikuwa bado anahesabu miti iliyochukuliwa. Mbele yetu alikuwa mteja mgumu, kumbe ni mti uliopigwa misumari. Mithali 15:1 inafundisha kwamba jibu la upole hutuliza ghadhabu. Mfanyabiashara uliyeokoka, mteja akikupandia juu kwa shilingi hamsini, usikimbilie kujibu. Weka maneno ya bei wazi mapema, yaandike kama unaweza, onyesha kazi yako peupe, kisha jiulize: huyu analilia hii hamsini, au kuna chuma ndani? Upole si ujinga. Mimi makubaliano yangu ni yale yale kwa kila mteja, na huelezwa kabla gogo halijapanda mashine. Yule mama alilijua hilo, na tulielewana bila kelele. Lakini unaweza kudai haki yako bila kumpigilia mtu msumari mwingine.

Sasa tunafanyaje? Nitawaambia tunachofanya kazini.

Kwanza tunatafuta kabla ya kukata. Tunaangalia ganda lililokunjamana, uvimbe, kovu. Tunaangalia mwisho wa gogo, maana mara nyingi chuma kikishika kutu ndani ya mbao huacha doa jeusi, kama wino. Tunapitisha kifaa cha kutambua chuma, ndugu yake na kile cha askari wa mlango wa supamaketi. Lakini kifaa hicho hakifiki mbali. Kilichozama sana kinaweza kupitwa. Ndiyo maana Daudi katika Zaburi 139 hakujichunguza mwenyewe akaridhika. Alimwomba Mungu amchunguze, aujue moyo wake. Kuna vyuma ambavyo ni Roho Mtakatifu tu anavifikia.

Pili, tukikiona hatupitishi msumeno kwa nguvu tukisema "katika jina la Yesu kitakatika." Tunazima mashine. Tunachukua shoka, patasi na koleo, tunachimba taratibu. Inachukua muda, na kuna mbao inaharibika. Ndugu, kutolewa msumari kunauma kuliko kuufunika. Wengine tukishaguswa tunasema, "Mimi nilishasamehe." Ulisamehe, au ganda lilifunga?

Hapa nisieleweke vibaya. Kusamehe si kunyamaza. Daudi alinyamaza na nyumba yake ikaungua. Kama kuna mtoto anaumizwa nyumbani, hiyo si siri ya familia ya kuombewa tu. Ipeleke kwa afisa wa watoto, ipeleke polisi, na sisi kama kanisa tutasimama na wewe. Kama ni shamba, kuna wazee, kuna chifu, kuna mahakama. Dai haki yako kwa mikono safi. Unachokataa ni kulala na chuma kifuani.

Tatu, na mlishike hili: hatutupi gogo kwa sababu ya msumari. Sijawahi kumwambia mteja, "Rudisha gogo lako, limechafuka." Tunatoa chuma, tunaendelea kupasua. Mbao inatoka na shimo dogo na doa jeusi. Inaezeka nyumba. Inakuwa meza. Mtu wa Mungu, Bwana hakutupi!

Na mwisho, Yohana 20. Yesu wetu alikuwa seremala, Marko 6:3 inasema hivyo. Mbao na misumari alivijua kwa mikono yake, kabla misumari haijaingia kwenye mikono hiyo hiyo. Alipofufuka, angeweza kutokea na mwili usio na kovu hata moja. Lakini alimwita Tomaso atazame mikono, aguse. Hakuficha! Mti wetu unafunga ganda na kubaki na chuma ndani. Yesu alifanya kinyume: alama ziko wazi, misumari haimo. Na katika chumba kile walikaa watu waliomkimbia, na neno lake kwao lilikuwa amani.

Huo ndio uponyaji ninaouhubiri leo. Sikuahidi kwamba utasahau. Sikuahidi kwamba doa litafutika. Naomba alama ibaki kama ushuhuda, lakini msumari utoke.

Wiki hii fanya kitu kimoja. Tafuta saa moja peke yako, mwambie Mungu akutajie jina. Likija jina, usibishane nalo. Andika uliloumizwa, lisome kwa sauti mbele za Bwana, kisha mtafute mzee wa kanisa au dada unayemwamini muombe pamoja. Na kama wewe ndiwe uliyeshika nyundo, soma Mathayo 5:23–24. Acha sadaka yako hapa madhabahuni, nenda. Hata ikiwa ni kule ng'ambo ya mpaka, nenda. Sadaka itakungoja.

Tuombe. Baba, tuchunguze. Pale mikono ya watu ilipotufikia, mkono wako ufike pia. Toa chuma, usitutupe. Na wale wanaosimama karibu nasi, wake zetu, waume zetu, watoto wetu, uwakinge na majino yanayoruka. Katika jina la Yesu Kristo aliye hai. Amina.