Kuchelewa Kuokoa: Ni Kosa au ni Bahati Mbaya?



Katika kijiji chetu kuna mtoto mmoja anayepita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi akienda shuleni. Ana miaka sita. Akinisalimu namwitikia, lakini moyo wangu hautulii. Usiku ule aliozaliwa yeye ndio usiku aliokufa mama yake, nami ndiye niliyekuwa na ufunguo wa pikipiki ya misioni.

Habari ilikuwa hivi. Ulikuwa wakati wa mvua. Saa sita ya usiku shemeji wa mama huyo alinigongea mlango, akasema: «Mwalimu, mtoto amekwisha kuzaliwa, lakini damu ya mama haikatiki. Kaka yuko machimboni. Utusaidie na pikipiki.» Mimi nikaanza kuuliza maneno mengi. Mkunga anasemaje? Mto haukujaa? Padri hayupo, nani atatoa ruhusa? Tena petroli ilikuwa kidogo, na mvua ilikuwa kubwa. Mwisho nikasema: «Tungoje kidogo, mvua ipungue.» Saa kumi tulimweka katika kipoyi, vijana wakamchukua. Kabla ya kufika darajani alikuwa amekwisha kufa.

Hakuna aliyenilaumu. Siku ya maziko watu walisema: siku yake ilifika. Lakini tangu siku ile nimejiuliza swali moja, na leo naliweka mbele yenu. Mtu aliyekataa kusaidia, tunajua hukumu yake. Mtu aliyeokoa, tunajua sifa yake. Lakini yule aliyekubali, akaja, akachelewa, tumweke upande gani? Je, ana kosa, au ana bahati mbaya tu?

Wote tunajua mfano wa Msamaria mwema. Mara nyingi tunawasema wale wawili waliopita kando. Lakini fikirini neno hili: kama Msamaria mwenyewe angalimaliza kwanza biashara yake, akafika pale jioni, angalikuta maiti. Huruma yake ingalikuwa ile ile. Mafuta yake, divai yake, punda wake, fedha yake, vyote vingalikuwa vile vile. Kingalipungua kitu kimoja tu: saa. Basi, saa ni sehemu ya msaada wenyewe. Msaada uliofika baada ya kifo ni sanda, si msaada.

Mwili una saa yake

Wakulima tunajua kwamba mbegu ina majira yake. Mwili wa mgonjwa nao una majira yake, ila ni mafupi sana. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa mbili. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kuwa na homa asubuhi na kufa kabla ya asubuhi nyingine. Mwili haungoji ruhusa ya padri, wala haungoji mume arudi kutoka machimboni.

Sasa pimeni saa hizo na njia zetu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018, juu ya nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, ulionyesha kwamba watu 29 katika kila 100 wanakaa mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka hospitali ya serikali iliyo karibu nao. Damu inahitaji saa mbili. Njia inahitaji zaidi ya saa mbili. Kwa watu hao, dakika moja ya kusitasita nyumbani si dakika ndogo.

Pengine mtu atasema: «Mwalimu, unajisumbua bure. Siku za mtu zimehesabiwa na Mungu.» Namjibu hivi: ni kweli kwamba uhai si mali yetu. Lakini nyumba yako ikishika moto, husemi kwamba siku yake imefika. Unakimbia na maji. Mbuzi wako akianguka shimoni, unamtoa leo. Kwa nini basi neno la «siku yake» latoka kinywani mwetu kwa upesi hivi, pale tu anapokufa mke wa jirani? Naogopa kwamba mara nyingi neno hilo halimtukuzi Mungu. Linatufunika sisi.

Machelewo matatu

Mwaka 1994 wanawake wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya vifo vya akina mama wazazi. Walionyesha kwamba machelewo ni matatu. La kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Tuyaangalie moja moja, na kwa kila moja tuulize: mwenye kosa ni nani?

Chelewo la kwanza linakaa nyumbani. Mama anaumwa, lakini mume hayupo, na baba mkwe anasema tungoje. Mkunga naye anaogopa kudharauliwa. Wengine wanahesabu franka: tukienda hospitali tutauza shamba. Hapa kuna kosa lenye sura nyingi. Asiyejua dalili za hatari hana hatia sawa na anayejua. Lakini anayeweza kujifunza na hataki, huyo amejichagulia ujinga. Na mume anayekwenda mbali akimwacha mke mwenye mimba kubwa, bila kuacha neno wala fedha, amemfunga mke wake kwa kamba isiyoonekana.

Chelewo la pili liko njiani. Hapa wengi wetu tunasema: ni kazi ya serikali, sisi hatuna ambulansi. Ni kweli, barabara na ambulansi ni deni la wakubwa, na tuwadai bila kuchoka. Lakini si kila mahali walingoja ambulansi. Huko Ghana madereva 335 wa magari ya kulipwa walifundishwa huduma ya kwanza, kwa gharama ya dola 3 hivi kwa kila mmoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004. Wengi wao walikuja kuwasaidia majeruhi barabarani. Sababu ni wazi: dereva hupita mahali pa ajali kabla ya mganga. Tanzania nako kuna mpango unaoitwa m-mama. Mtu hupiga namba 115 bila malipo. Kama ambulansi haiko karibu, huitwa dereva wa kawaida wa sehemu ile, aliyepatana nao mbele, na malipo yake hutumwa kwa simu.

Lakini kuna kizuizi kingine njiani, nacho ni woga. Mtu akimwokota majeruhi, anaogopa kuambiwa kwamba ndiye aliyemgonga, au kudaiwa bei ya dawa. Woga huu si wa kuchekwa. Una sababu zake. Huko India, mwaka 2016, mahakama kuu ya nchi ilithibitisha kanuni za kumlinda mtu anayemleta majeruhi: asizuiliwe hospitalini, asilazimishwe kulipa, wala kutaja jina lake. Sheria ya jinai ya Kongo inahesabu kuwa kosa kumwacha kwa makusudi mtu aliye hatarini. Ni vizuri. Lakini ukimwadhibu asiyesaidia, inakupasa pia kumlinda anayesaidia. Kama sivyo, umemweka mtu kati ya fimbo mbili.

Chelewo la tatu liko mlangoni mwa hospitali. Mgonjwa amefika, lakini anaambiwa alete fedha kwanza, au mwenye ufunguo wa chumba cha upasuaji amelala, au damu ya kuongezewa haipo. Hilo ndilo chelewo baya kuliko yote, kwa sababu mtu anakufa akiutazama wokovu kwa macho. Tena laweza kupunguzwa. Huko Rwanda, tangu mwaka 2016, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu kwa hospitali za vilimani. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba ndege hizo zinafika mbele ya gari kwa zaidi ya saa moja. Hapa kwetu, mwezi wa Septemba 2023, serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa kuzalisha akina mama bila malipo. Ni neno jema. Lakini agizo jema la Kinshasa halifungui mlango usiku, kama mwenye ufunguo hajaamka.

Kosa liko wapi?

Sasa narudi kwa usiku wangu. Rafiki mmoja aliniambia: «Wewe hukuweza. Mvua, mto, petroli, ruhusa: hakuna anayelazimishwa jambo lisilowezekana.» Neno hilo ni kweli, na zamani nililitegemea sana. Lakini nililipima tena, nikaona kwamba linanitoa katika kosa la usiku ule, halinitoi katika kosa la siku zilizotangulia.

Mlinzi wa usiku aliyelewa, mwizi akiingia, hawezi kupigana. Je, tutasema hana kosa kwa sababu hakuweza? Hapana. Kosa lake halikuanza mwizi alipoingia. Lilianza jioni, alipoinua kikombe cha kwanza, akijua kwamba usiku ni zamu yake. Vivyo hivyo nami. Petroli ilikuwa kidogo: nani alijua hivyo tangu Jumapili? Ni mimi. Ruhusa haikuwapo: nani aliona tumbo la mama yule kanisani kwa miezi mingi, asimwulize padri hata mara moja, «Mtu akiugua usiku nawe hupo, nifanye nini?» Ni mimi. Saa ile ya hatari pengine sikuweza. Lakini nilikuwa na miezi ya utulivu, na katika miezi ile niliweza kila kitu.

Basi, hili ndilo jibu ninaloliona. Kuchelewa kwa mtu aliyejiweka tayari, akazuiwa na mto, ni bahati mbaya, na atulie moyo. Kuchelewa kwa mtu aliyeona hatari kwa mbali, asijiweke tayari, ni kosa, hata kama usiku wenyewe alikimbia hadi kuishiwa pumzi. Kosa la kuchelewa hufanyika mchana, wakati hakuna anayelia.

Tena hapa wazee wetu hawakupingana. Walisema: haraka haraka haina baraka. Walisema pia: ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali ya kwanza ni ya siku za kutengeneza, ya pili ni ya saa ya hatari. Aliyetengeneza polepole mchana ndiye anayeweza kwenda mbio usiku.

Ni sadaka au ni deni?

Linabaki swali moja. Kumchukua mgonjwa wa jirani ni wema wa ziada, au ni wajibu? Wahenga wa milima yetu walijibu mbele ya wataalamu. Katika Kigezi, upande wa Uganda, kulikuwa na vyama vya engozi, yaani vya kipoyi. Kila nyumba ilikuwa na zamu ya kuchukua wagonjwa, na asiyekuja alitozwa faini. Sadaka haitozwi faini. Deni ndilo linalotozwa. Watu wale walijua kwamba kila aliyeshika mti wa kipoyi leo atalala ndani yake kesho, na hakuna ajuaye kesho hiyo ni lini. Nao Wanyarwanda, ambulansi ilipokuja, waliiita imbangukiragutabara, maana yake yenye kufanya upesi kuokoa. Jina lenyewe ni amri.

Pikipiki zimekuja, na pengine zimeharibu kitu. Siku za kipoyi kazi ilihitaji watu wengi, basi wengi walijiona wenye deni. Leo mwenye pikipiki ni mmoja, na wengine wote wanamtazama yeye. Chombo kimekuwa cha upesi, lakini wajibu umekuwa wa mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kuwa na usingizi mzito, kama mimi.

Kwa hiyo katika shirika letu tumefanya mambo manne, wala si makubwa. Tumeandika majina na namba za simu za wenye pikipiki, na kila juma lina wawili wa zamu. Tunaweka lita tano za petroli nyumbani kwa mama mmoja asiyenywa pombe, wala haziguswi kwa safari nyingine. Katika likelemba tunatoa sehemu ndogo kila mwezi kwa ajili ya hospitali. Tena kila mume anayekwenda mbali anasema mbele ya mashahidi wawili: «Mke wangu akiugua, msiningoje.» Kipoyi nacho tumekitengeneza upya, kwa maana mto ukijaa, pikipiki haipiti.

Sitawadanganya. Mwaka uliopita mtoto mmoja alitufia njiani, ingawa vijana waliondoka mara moja. Tulilia sana. Lakini baba yake alikuja kwangu baada ya maziko akasema: «Mwalimu, hamkuningoja. Asante.» Neno hilo sikuambiwa na mume wa mama yule wa kwanza, wala asingeweza kuniambia.

Ndugu msomaji, leo hakuna mgonjwa mlangoni pako. Hii ndiyo saa yako. Tazama petroli, tazama ufunguo, ongea na mke wako, ongea na jirani. Usiku ukifika, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuanza.