Asiye na Malazi na Wajibu wa Kushirikiana

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, hatusemi kuwa watu wa pwani yetu ni wachoyo. Sadaka zatolewa, na kila Ramadhani sinia za futari hutoka majumbani. Lakini tukiuliza yule alalaye barazani ni nani, ametoka wapi na ana jamaa gani, hapana ajibuye. Ijumaa huletewa sahani tatu na watu watatu wasioulizana. Jumatatu hulala na njaa. Kutoa kupo, kilichokosekana ni mpango.

Madina haikuwa hivyo. Katika msikiti wa Mtume palikuwa na mahali penye kivuli, pakiitwa Suffa, makao ya masikini wasio na nyumba wala jamaa. Hawakuachiwa bahati ya mpita njia. Mtume aliamrisha kuwa mwenye chakula cha wawili amchukue wa tatu, naye mwenyewe akachukua kumi. Na alipotaka waitwe, alimtuma Abu Hurayra, aliyekuwa mmoja wao na akiwajua. Hapo pana mafunzo matatu: mahali maalumu, mtu awajuaye, na fungu la kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Sasa tujitazame. Hesabu ya Serikali ya Kenya ya mwaka 2018 iliwapata watu wa mitaani 46,639 nchini, na 7,529 kati yao walikuwa Mombasa. Huyu aweza kuwa ametoka Kwale, yule Kilifi au Tana River. Mombasa peke yake haiwezi kumrudisha mtu kwao ikiwa huko hapana wa kumpokea. Na mtoto arudishwaye pasi na kuulizwa alikimbia nini, atakimbia tena. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi twashauri hivi. Katika kila mji, kamati za misikiti zimchague mwaminifu mmoja ashike daftari moja. Wapikao wagawane siku za juma. Nyumba ya wakfu iliyo tupu, ikiwa sharti la aliyeiweka laruhusu, ipewe wasio na malazi. Miji ipashane habari kabla ya mtu kusafirishwa. Mtoto asiwekwe nyumbani kwa siri, hata kwa nia njema, bali afikishwe kwa afisa wa watoto, kwani ulinzi wake una Sheria ya mwaka 2022.

Zaka ina watu wake wanane, waliotajwa katika Sura ya Tawba aya ya 60, wakiwamo mafukara, masikini na msafiri aliyekatikiwa. Ama sadaka ya hiari, mlango wake ni mpana, na hata asiye Mwislamu hupewa. Na daftari ni amana: majina yasisomwe barazani, wala mtu asipigwe picha akila.

Wako wasemao, "Hao ni wala unga." Huenda wamo. Lakini ni mgonjwa gani aliyepona kwa kuachwa mvuani? Tena wengine ni wajane na wazee waliofukuzwa na jamaa zao.

Ndugu zetu, Siku ya Kiyama kila mmoja ataulizwa juu ya jirani yake, wala haitoshi kujibu kuwa tulidhani mwengine amempa. Mola atupe tawfiki ya kutenda. Amin.