Halbadiri: Indhari au Kitisho?

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, ambako mali ya mtu aghalabu ni korosho zake alizozianika uani, ufuta wake uliomo maguniani na mbuzi wake wachache, mtu aliyeibiwa asimjue mwizi wake ana neno moja la mwisho, nalo hulisema baada ya kuwauliza majirani wote na kufikisha habari kwa mwenyekiti wa kijiji: kwamba asiporudishiwa kilicho chake, atasoma Halbadiri. Neno hilo, ambalo wengi hulitamka Albadiri, halingoji kufafanuliwa. Walisikiapo watu hupunguza sauti, na yamkini usiku ule ule kilichoibwa kikakutwa kimetupwa nyuma ya nyumba. Sitaki hapa kuuliza kama kisomo hicho huua au hakiui, kwani uhai na mauti ni milki ya Mwenyezi Mungu peke yake. Nauliza kama ni halali kwa mwanadamu kumtia mwenziwe hofu kwa jina la Mungu, na ikiwa ni halali, ni kwa sharti gani.

Halbadiri ni Ahlul-Badri, yaani watu wa Badri, wale Waislamu wapatao 313 waliosimama pamoja na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, siku ya 17 ya Ramadhani katika mwaka wa 2 wa Hijra, nao ni mwaka 624 wa Miladi, wakalikabili jeshi la Makureshi lililokaribia watu 1,000. Baadhi yao walikuwa wametoka Makka kwa kuteswa, wameacha nyuma majumba na mali, na siku ile silaha zao zilikuwa chache na wanyama wa kupanda wachache zaidi; kwa hiyo ushindi wao ulihesabiwa tangu hapo kuwa nusura ya Mungu kwa wanyonge. Ndiyo sababu katika miji ya pwani, na baadaye bara, masheikh wakawa wakiyasoma majina yao kwa kutabaruku, ubani ukifukizwa na Fatiha ikitangulia, wakimwombea mgonjwa, au msafiri, au mji uliofikwa na balaa. Wako maulamaa waionao tawasuli hiyo kuwa jaizi, na wako waihesabuo kuwa bidaa. Lakini wote hao, nadhani, watasikitika pamoja nami kuona ya kuwa majina ya watu walioonewa yamekuwa, katika vinywa vya watu wengi, jina la kuogofya tu.

Mwenye insafu hana budi kuanza kwa kumsikiliza yule aliyeibiwa. Mahakama hutaka shahidi, na wizi wa usiku hauna shahidi. Polisi hutaka jina la mtuhumiwa, naye hana jina la kulitaja. Amebakiwa na Mola wake, na tumepokea ya kuwa Mtume alipompeleka Muadhi bin Jabal Yemeni alimtahadharisha na dua ya mwenye kudhulumiwa, kwa kuwa baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Tena, mtu huyu akifuata desturi njema, hasomi kwa siri: hutangaza kwanza, akajitaja jina lake, akaitaja haki yake, akaweka siku ya mwisho, ili aliyechukua apate nafasi ya kurudisha hata kwa kificho bila ya kuaibika. Hofu aitiayo ni hofu yenye mlango wa kutokea, na kwa hakika hiyo ni indhari, nayo ni kazi waliyoifanya Mitume wote.

Waama, neno hilo hilo hutoka pia katika vinywa vingine. Mwenye nguvu aliyezuia fungu la mjane katika shamba la mikorosho humwambia, ashikapo kudai urithi wake, kwamba asiponyamaza atasomewa. Mwenye deni humwambia vivyo hivyo anayemdai. Na mwenye kinyongo humwelekezea ajuza wa jirani, hali hana ushahidi wowote ila dhana yake. Amepokea Abu Daudi ya kuwa masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume, mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo akaichukua, yule akagutuka kwa hofu. Mtume akasema ya kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Ikiwa kumgutusha msafiri aliyelala kwa sababu ya kipande cha kamba kumekatazwa, atajibu nini yule amkoseshaye mjane usingizi mwaka mzima ili apate kula haki yake?

Nchi hii ya Lindi, zilimo Nachingwea na Ruangwa, imekwisha kuona neno la kuogofya likienda bila ya mwenyewe. Mwaka 1908 ilienea huko barua iliyodaiwa kutoka Makka, yenye habari za ndoto ya Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume, kwamba Kiyama kimekaribia na ole wao wasiotubu. Watu walimiminika misikitini, na watawala Wadachi, yaani Wajerumani, ambao mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu wavizime Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kwa kuyachoma mashamba na maghala hata njaa ikawamaliza watu, walidhani ya kuwa maasi yameanza upya. Raia aliogopa moto wa Jahanamu, mtawala akamwogopa raia, wala hapakuwa na mtu wa kuulizwa: Je, wewe uliyetuogofya, watutakia nini? Mwonyaji wa kweli huulizika, na watu humjua.

Wazee wetu waliliona jambo hili kabla ya wenye vitabu kuwaeleza, kwani husema ya kuwa Halbadiri ikisomwa na asiye na haki humrudia msomaji mwenyewe. Fakihi halazimiki kuikubali itikadi hiyo, lakini insafu iliyomo ndani yake ni kubwa: haifai mtu kumwekea mwenziwe hofu ambayo yeye mwenyewe hakuingia chini yake. Qurani humwita Mtume mwenye kubashiri na mwenye kuonya pamoja. Na alipopigwa mawe Taifu hata akatoka damu, akapewa hiari watu wale waangamizwe kwa milima, aliikataa, akitumai ya kuwa katika uzao wao watatoka wenye kumwabudu Mungu. Kwa hiyo ndiye aliyewatakia uzima wale aliowaonya.

Basi, ingefaa kila sheikh wa Nachingwea na Ruangwa aletewaye ombi la kisomo aanze kwa kumtaka mwombaji aitaje haki yake mbele ya watu, kisha awaite wanaohasimiana kwenye sulhu, awape muda, na kama mwombaji ndiye mwenye nguvu na anayesomewa ndiye mnyonge, amrudishe na ubani wake. Watu wa Badri walisimama upande wa walioonewa. Kuyasoma majina yao kwa niaba ya mwenye kuonea ni kuwadhulumu wao pia.