JE, MKE AKISEMA "HAPANA" AMEMWASI MUNGU?



Swali hili akina mama huliuliza baada ya mkutano, tena kwa sauti ya chini. Mama anaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, akirudi mzee anadai hela yote. Akibakiza ya ada ya mtoto anaambiwa, "Umeokoka, mbona hutii?" Biblia imegeuzwa fimbo!

Hebu fungua 1 Samweli 25. Nabali alikuwa tajiri, ana kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, lakini mchoyo. Akawatukana vijana wa Daudi, ambao waliwalinda wachungaji wake. Daudi akaja na watu 400 wenye panga, aue kila mwanamume wa nyumba ile. Mtumishi akamwambia Abigaili. Je, alikwenda kuomba ruhusa kwa mumewe? Hata! Alifunga mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliotayarishwa, bisi, zabibu, tini, akapakia punda, akaondoka. Mumewe HAKUMWAMBIA. Na vitu vile vilikuwa vya nyumba ya Nabali! Tena mbele ya Daudi akasema wazi kwamba mumewe ni mpumbavu (wahubiri wengi huruka hapo). Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu, maana alimzuia asimwage damu.

Aliporudi akamkuta mzee amelewa chakari. Usiku ule hakusema neno. Alingoja asubuhi pombe imtoke, ndipo akamweleza yote. Dada zangu, angalieni hapo: hakuficha. Kujitegemea siyo kuishi kwa siri.

Sasa mtazame Safira, Matendo 5. Huyu alikubaliana na mumewe neno kwa neno, wadanganye juu ya bei ya kiwanja. Saa tatu hivi baada ya Anania kuanguka, Petro akamwuliza yeye peke yake. Hakumwuliza kama alitumwa na mume. Akajibu kama mume, akafa kama mume. Kama utii kwa mume unamfutia mke hesabu yake mbele za Mungu, mbona Safira hakupona? Anayeulizwa peke yake lazima awe na ruhusa ya kukataa peke yake!

Ndugu mwanaume, najua utasema, "Na Paulo je?" Soma Waefeso 5 yote, usirukie mstari wako. Kwanza anawaambia watu wote wanyenyekeane. Halafu neno la kutii anaambiwa MKE, siyo wewe umlazimishe. Wewe umeambiwa upende mpaka kujitoa kama Kristo. Wangapi tumefika huko? Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema mke aweza kumiliki mali yake mwenyewe, wala hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Ni aibu mzee wa kanisa kupitwa na serikali!

Basi mama, ada ya mtoto kalipe. Akiinua mkono usikae kimya eti unatunza ushuhuda; mwone mchungaji, na polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kama ni mtu wa kusikia, ngoja asubuhi akili imetulia, mpe chai, mwonyeshe risiti.