Wingu Dogo Kutoka Baharini

JUMANNE

Soma 1 Wafalme 18:41–45 na Ayubu 36:27, 28. Kwa nini mtumishi wa Eliya aliambiwa atazame upande wa bahari?

Kila mkulima wa Israeli alijua jibu. Katika nchi ile mvua hutoka magharibi, kwenye Bahari ya Mediterania (linganisha na Luka 12:54). Jua hupasha maji ya bahari joto, nayo hupanda yakiwa mvuke. Chumvi hubaki nyuma. Mvuke huo hauonekani kwa macho. Upepo huubeba, na ukifika penye baridi hugeuka matone madogo sana. Hapo ndipo wingu huonekana. Mvua ikinyesha, ardhi hunywa sehemu yake, chemchemi hububujika, mito huteremka hadi baharini, na safari huanza upya.

Mhubiri alistaajabu kwamba mito haiijazi bahari (Mhubiri 1:7). Karne nyingi baadaye, wasomi wengi wa Ulaya bado walidhani kuwa mvua haitoshi kulisha mito. Mwaka 1674 Mfaransa Pierre Perrault alichapisha hesabu yake: mvua iliyonyesha katika bonde la chanzo cha mto Seine ilikuwa karibu mara 6 ya maji yaliyopita mtoni. Mvua ilitosha, na kusaza.

Lakini wakati wa Ahabu mzunguko huo haukuifikia nchi kwa miaka mitatu na miezi sita (Yakobo 5:17). Watu walikuwa wamemgeukia Baali, aliyedhaniwa kuwa bwana wa tufani na mvua. Nabii naye hakuepuka shida: kijito cha Kerithi alichokunywa kilikauka (1 Wafalme 17:7). Akaenda Sarepta, mji wa pwani. Huko mjane aliokota kuni apike chakula cha mwisho, ilhali bahari ilikuwa karibu, imejaa. Maji hayakuwa yamekwisha duniani. Ila yeye aliyeweka njia ya maji alikuwa bado hajasema neno.

Kisha Bwana akaahidi mvua (1 Wafalme 18:1). Eliya aliomba akiwa ameshika ahadi hiyo, wala hakungoja kuona dalili kwanza. Mara sita mtumishi alirudi bila habari njema. Hata hivyo, anga tupu haithibitishi kwamba hakuna mvuke unaopanda. Mara ya saba likaonekana wingu dogo kama kiganja cha mtu.

Mama aliyemwombea mwanawe miaka mingi, na familia ambayo mahindi yake yamekauka misimu miwili, wanaijua ile safari ya mara sita. Biblia haiwaambii ni siku gani wingu litatokea. Inawaelekeza kwa Mungu ambaye neno lake, kama mvua, halirudi bure (Isaya 55:10, 11). Hata mvua ikinyesha leo, mkate hauliwi kesho. Mbegu huota kwanza, ikakua, ikavunwa. Imani huendelea kuomba katika muda huo wote, na huendelea kutazama upande ambao Mungu ameahidi.

Tafakari: Ni ombi gani umeacha kulitazamia kwa sababu anga ni tupu? Ni ahadi gani ya Mungu inayoweza kukurudisha magotini juma hili? Mshirikishe mwenzako darasani.