Jina Jipya, Reli Ile Ile: Kuhusu Maadili ya Kubadilisha Jina Bila ya Kubadilisha Kitu

Utangulizi

Swali lililozaa makala haya liliulizwa darasani. Miaka kadhaa iliyopita, idara yetu ilipotakiwa kuhuisha mtaala wake, somo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa muda mrefu kwa jina la "Nadharia za Uhakiki" lilipewa jina jipya: "Uhakiki na Jamii ya Leo". Katika wiki ya tatu ya muhula mwanafunzi mmoja aliinua mkono, akauliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Kaka yangu alisoma hapa zamani na ameniachia daftari lake. Je, somo hili si lile lile?" Darasa lilicheka. Nilimjibu kwamba mtaala umehuishwa, nikaendelea na mhadhara. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa mujibu wa kumbukumbu za idara. Kwa mujibu wa daftari la kaka yake lilikuwa uongo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza iwapo kukipa kitu jina jipya bila ya kukibadilisha ni kosa la kimaadili, au ni jambo la kawaida tu la lugha. Na kama ni kosa, kosa hilo liko wapi: katika jina, katika kitu, au katika nia ya mtoa jina? Ili kulichunguza suala hili nimeonelea heri kuuacha kwanza ulimwengu wa vitabu na vyuo, ambamo mabadiliko ni vigumu kuyapima, na kuelekea mahali ambapo yanapimika kwa futi na mita, yaani katika bustani za burudani za Marekani. Mwandishi wa makala haya hajapanda hata bembea moja kati ya hizi zitakazotajwa. Hata hivyo, historia zake zinajulikana vyema, na chuma kina sifa moja ambayo matini hazina: hakibadiliki kwa kusomwa upya.

Merikebu ya Theseus iliyogeuzwa

Plutarch alitusimulia kuhusu merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mwingine, hata wanafalsafa wakaanza kubishana kama ilikuwa bado merikebu ile ile. Katika kisa hicho mbao zimekwenda, jina limebaki. Katika bustani za burudani tunakutana na kisa hicho kikiwa kimegeuzwa: mbao zimebaki, jina limekwenda.

Tuchukue mfano wa bustani ya Kings Island, iliyofunguliwa mwaka 1972 karibu na mji wa Cincinnati katika jimbo la Ohio. Mwaka 1992 ilinunuliwa na kampuni ya filamu ya Paramount, na mwaka uliofuata ikajengwa humo bembea ya reli iliyoitwa Top Gun, jina la filamu ya 1986 kuhusu marubani wa ndege za kivita. Bembea hii ni ya aina ambayo vigari vyake havikai juu ya reli bali vinaning'inia chini yake, hivi kwamba katika kila kona abiria hurushwa upande, miguu ikielea hewani. Mwaka 2006 bustani hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Cedar Fair. Mmiliki mpya hakuwa mtengenezaji wa filamu, na ilipowadia mwaka 2008 majina ya filamu yaliondolewa. Top Gun ikawa Flight Deck, yaani sitaha ya kurukia ndege. Bembea nyingine, iliyokuwa na jina la filamu ya The Italian Job, ikaitwa Backlot Stunt Coaster, na vigari vyake vikaendelea kukimbia katika njia ile ile. Reli haikusogezwa.

Msomaji aliyezoea falsafa ya lugha atamkumbuka Frege ambaye, katika makala yake mashuhuri ya 1892, alitofautisha maana ya jina na kitu kinachorejelewa na jina hilo. Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni ni majina mawili yenye maana mbili, lakini yote yanarejelea sayari moja. Kwa mtazamo huo, Top Gun na Flight Deck ni njia mbili za kukifikia kitu kimoja, na haionekani kwamba kuna aliyedhulumiwa. Sayari haijali inaitwaje.

Lakini bembea si sayari. Hutumiwa na mtu, na mtu huyo hupitia chini ya bango lenye jina kabla ya kuketi. Genette, katika kitabu chake Seuils cha 1987, alionyesha kwamba anwani ya kazi ya fasihi ni kizingiti: si sehemu ya nyumba hasa, wala si nje yake, lakini hakuna aingiaye bila ya kukivuka. Jambo hili si geni katika fasihi yetu. Utenzi wa Mwengo wa Athumani ulionakiliwa Pate mwaka 1728 tunaujua kwa jina la Utenzi wa Tambuka, na tunaujua pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Beti ni zile zile. Hata hivyo, anayeingia kwa jina la kwanza anatazamia mahali na safari ya kwenda huko, ilhali anayeingia kwa jina la pili anaanza kumtafuta mfalme wa Warumi tangu ubeti wa mwanzo. Vivyo hivyo, aliyeketi katika Top Gun aliambiwa kwamba yeye ni rubani wa filamu anayoijua. Aliyeketi katika Flight Deck aliambiwa tu kwamba yuko penye ndege. Mwili ulirushwa kwa nguvu ile ile. Moyo ulipewa kazi tofauti. Kwa hiyo kauli kwamba hakuna kilichobadilika ni kweli kwa fundi wa reli, na ni nusu ya kweli kwa abiria.

Kuhusu maadili, badiliko hili la 2008 halina hatia kubwa. Lilikuwa suala la biashara, kila mtu aliweza kuiona sababu yake, na hakuna aliyeambiwa kwamba bembea ilikuwa mpya. Linafanana na mwanamke anayeacha kutumia jina la mume baada ya talaka. Watu watamwita la zamani kwa muda, kisha watazoea.

Jina la marehemu

Mwaka 2014 bembea hiyo hiyo ilipakwa rangi mpya na kupewa jina la tatu: The Bat, yaani popo. Hapa mambo yanakuwa mazito zaidi, kwa sababu jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Kati ya 1981 na 1983 palikuwapo katika bustani ile ile, mahali pengine, bembea iliyoitwa The Bat. Ilitengenezwa na kampuni ya Arrow, ambayo ndiyo iliyokuja baadaye kuijenga Top Gun, na ilikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza ya vigari vinavyoning'inia. Reli yake haikulazwa vya kutosha kwenye kona, hivyo vyuma vilichoka upesi, na bembea ikawa inafungwa mara kwa mara hadi ikaondolewa kabisa. Kwa hiyo bembea ya 1993, iliyokuwa imefaulu pale ambapo ile ya kwanza ilishindwa, ilikuja kupewa jina la mtangulizi wake aliyekufa kijana.

Katika jamii nyingi za Kenya mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na hakuna anayedai kwamba mtoto huyo amedanganya watu. Jina la marehemu halisemi kwamba mtoto ni mtu yule yule. Linasema kwamba kuna kiti kilichoachwa wazi na yeye ameketishwa hapo. Kadhalika, popo wa pili alikuwa na haki ya jina hilo kwa ukoo: aina moja, mtengenezaji mmoja, bustani moja. La kuzingatia ni kwamba jina hili halikuficha lolote. Kila aliyelisikia aliweza kuuliza popo wa kwanza alikwenda wapi, na kila swali la namna hiyo lilirudisha kumbukumbu ya kushindwa kwa zamani. Badiliko la jina bila ya badiliko la kitu linaweza, basi, kuwa tendo la ukumbusho.

Sungura na mporomoko

Mfano wa tatu ndio mgumu kuliko yote, na unatuhusu kwa karibu. Mwaka 1989 kampuni ya Disney ilifungua katika bustani yake ya California burudani ya mashua zinazofuata mfereji ndani ya kilima cha kutengenezwa, kisha kuporomoka kutoka kimo cha mita 15 hivi. Iliitwa Splash Mountain, na nyingine za jina hilo zilifuata mwaka 1992 huko Florida na Tokyo. Shujaa wake alikuwa Sungura, yule anayeitwa Br'er Rabbit katika ngano za Waafrika waliofanywa watumwa Marekani. Ngano hizo ziliandikwa na mwanahabari mweupe wa Georgia, Joel Chandler Harris, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1880. Ziliingia katika filamu ya Disney ya 1946, Song of the South, ambayo tangu ilipotoka ilishutumiwa kwa kuyapamba maisha ya Weusi mashambani kana kwamba dhiki ilikuwa furaha. Mwaka 2020 Disney ilitangaza kwamba burudani hiyo ingebadilishwa. Zile mbili za Marekani zilifungwa mwaka 2023, na mwaka 2024 zikafunguliwa kwa jina la Tiana's Bayou Adventure, kutokana na filamu ya 2009 yenye binti mfalme wa kwanza Mweusi katika katuni za Disney.

Sanamu, nyimbo na hadithi zilibadilishwa. Mfereji na mporomoko vilibaki. Mhakiki wa fasihi atatambua hapa mjadala wa kale wa umbo na maudhui. Katika hadithi ya zamani mporomoko ulikuwa na kazi. Sungura aliyenaswa anamsihi adui asimtupe katika vichaka vya miiba, adui anamtupa kwa ukatili, na kumbe miibani ndiko nyumbani kwake. Kuanguka kulikuwa kuokoka. Katika hadithi mpya Tiana anatafuta wanamuziki wa sherehe, na mporomoko uko pale kwa sababu zege lilikuwapo. Umbo limetangulia, na maudhui yamelazimika kulitafutia sababu.

Je, badiliko hili lilikuwa la haki? Naamini lilikuwa la haki kwa upande wa filamu ya 1946. Jina linalowakumbusha watu dharau haliwezi kutetewa kwa hoja kwamba mashua zinakwenda vizuri. Lakini pamoja na filamu aliondolewa pia Sungura, na Sungura hakuzaliwa mwaka 1946, wala 1880. Ni ndugu wa huyu tunayemjua katika ngano zetu, mnyonge anayewashinda wakubwa kwa akili. Aliyefungwa minyororo alisafiri naye kuvuka bahari bila ya kuwa na kitu kingine cha kubeba. Harris alimvika nguo za kwake, Disney ikamvika nyingine, na nguo zilipoonekana kuwa chafu, mvaaji alitolewa nje pamoja nazo. Simlaumu aliyezitupa nguo. Nasema tu kwamba deni la mvaaji bado halijalipwa.

Hitimisho

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba kutobadilika kwa kitu si kosa kwenyewe. Kipimo ninachokipendekeza ni swali moja ambalo mtoa jina hana budi kuwa tayari kuulizwa: zamani kiliitwaje? Walioondoa majina ya filamu mwaka 2008 wanaweza kulijibu bila ya aibu. Aliyemrithisha popo wa pili jina la wa kwanza analikaribisha. Walioondoa Splash Mountain wanaweza kulijibu nusu: wanaweza kueleza kwa nini filamu iliondoka, lakini si kwa nini Sungura aliondoka nayo. Jina jipya linakuwa uongo pale mtoa jina anapoliogopa swali hilo, kwa maana hapo jina halikipi kitu njia nyingine ya kufikiwa, bali linaziba ile iliyokuwapo.

Nami nililiogopa. Wazee walisema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nilichokuwa nimekifanya ni kunena tu. Somo halikuwa baya, na lingaliweza kuendelea kwa jina lake la kale bila ya kumdhuru mtu. Kosa lilikuwa kumruhusu kijana yule aamini kwamba daftari la kaka yake limepitwa na wakati, ilhali mimi nilikuwa nikisoma kutoka katika daftari lililokuwa kuukuu kuliko lake.

Muhula uliofuata niliandika katika muhtasari wa somo, chini ya jina jipya, maneno haya: "zamani, Nadharia za Uhakiki". Ni maneno manne tu, lakini yalipokuwa pale juu ya karatasi, kila mhadhara usiokuwa na jambo jipya ulionekana waziwazi. Nimeandika upya mihadhara mitano kati ya kumi na miwili. Saba bado ni ile ya daftari la kaka, na wanafunzi wanaijua.