Anayetusomea Bure, Deni ni la Nani?



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo lililotusumbua sisi tunaokutana kila Alhamisi jioni hapa Kanombe kusikiliza kitabu. Baadhi yenu mlikuwepo. Wengine mlisikia tu kwamba kulitokea maneno kati ya wazee na vijana, mkadhani ni ugomvi wa fedha. Fedha ilikuwemo, lakini kidogo.

Kuna kundi linaloitwa LibriVox, lililoanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire, mkaaji wa Montreal nchini Kanada. Watu wa kujitolea wanasoma kwa sauti vitabu vya zamani ambavyo haki ya mtunzi imekwisha muda wake, na sauti hizo zinawekwa kwenye intaneti ili kila mtu azichukue bila kulipa. Wasomaji nao hawalipwi, na hakuna anayekataliwa kwa sababu ya lafudhi yake. Ukisikiliza utamkuta mmoja ana mafua, na mwingine anasoma upesi kama mtu anayekimbia mvua. Tena sura ya nusu saa inamgharimu msomaji zaidi ya nusu saa, maana ni lazima arekodi, akate makosa, kisha mwenzake aisikilize yote kuhakiki.

Vingi ni vya Kiingereza, lakini vipo vya Kifaransa pia. Sisi tulichagua Les Misérables cha Victor Hugo, kwa sababu aliyekiandika alikuwa kama sisi. Mwaka 1851 Louis-Napoléon Bonaparte alipojitwalia mamlaka yote Ufaransa, Hugo alikimbia. Alipita Brussels, akakaa kisiwa cha Jersey, akafukuzwa huko mwaka 1855, akahamia kisiwa cha jirani, Guernsey. Kitabu hiki alikimalizia huko ukimbizini, kikatoka mwaka 1862. Mwaka 1859 wakimbizi walisamehewa warudi. Yeye alikataa, akasubiri mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1870. Wazee wetu walipoambiwa habari hiyo, walijongeza viti karibu na spika.

Swali la kama ni halali kwa Mkristo kusikiliza hadithi za kubuni lilitolewa mapema na likaisha mapema. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano, na yule mwana mpotevu hakuna aliyemdai kitambulisho.

Shida ilianza kwingine. Wengi wetu hatusikii Kifaransa cha vitabu. Kijana mmoja aliyesoma vizuri kabla ya vita kumkatisha shule alikubali kuwa mfasiri wetu. Anaacha sauti iende kidogo, anasimamisha, anatuambia kwa Kiswahili. Ndege ikipita juu yetu ikishuka uwanjani, anarudisha nyuma. Alifanya hivyo miezi mitatu. Alhamisi moja akasema amechoka, na kwamba kama tunataka aendelee, kila mmoja amchangie faranga 200 za bando na za muda wake.

Mzee mmoja tunayemheshimu akamjibu hivi: "Mwanangu, yule wa ng'ambo asiyetujua anatusomea bure. Wewe mtoto wetu, uliyekula kwetu, ndiye unataka kulipwa?"

Kijana akasema, "Baba, yule ana umeme wake na chumba kimya. Mimi nikitoka mapema kwa fundi, nakatwa."

Tukanyamaza wote, kisha tukasema wote kwa pamoja. Hatukusikiliza kitabu siku ile.

Wapendwa, sisi tuliopita kambini tunalijua hili neno kujitolea, na linatuuma. Tuliwaona ndugu zetu wakifundisha watoto kila siku, asubuhi hadi jioni, wakaitwa watu wa kujitolea na kupewa pesa ya sabuni, huku aliyefanya kazi ileile upande wa pili wa meza akipokea mshahara. Kwa hiyo kijana aliposikia neno bure kinywani mwa mzee, alisikia na hayo mengine yote.

Lakini mzee naye hakuwa mpumbavu. Mama mmoja alisema sauti ile ni kitu cha kwanza alichopewa kwa miaka mingi bila kupiga kidole gumba wala kuulizwa nambari ya kadi. Hata askofu wa ndani ya kitabu hakutoa hivyo. Alimwachia Jean Valjean vinara vya fedha, naam, lakini akamwambia kwamba kwa vile vinara ameinunua roho yake. Anayetusomea hajainunua roho ya mtu. Anataja jina lake, pengine na mji wake, anasoma, anaondoka. Mzee alikuwa ameonja wema wa namna hiyo, akaogopa usije ukachafuliwa na sarafu.

Basi je, tunadaiwa? Sisi tunaona kwamba yule wa mbali hatudai chochote, kwa kuwa ameachilia mwenyewe. Wema wake hata hivyo hauwezi kugeuzwa fimbo ya kumpigia wa karibu. Yesu alimsifu mjane wa senti mbili katika Marko 12, ila hatusomi popote kwamba alimtuma mwanafunzi aende kudai senti hizo kwa wajane wengine. Mathayo 10:8 tunaijua sote, na ni andiko zuri mtu akijisomea mwenyewe. Ukimsomea mwenzako ambaye hajala, linabadilika ladha.

Tukakubali kuchanga. Tukubali pia kwamba haikuwa tamu. Kwa majuma matatu kijana alitafsiri akitazama saa, na sisi tuliolipa tukaanza kumsahihisha, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya alipokuwa hapokei kitu. Juma la nne hakuna aliyetangaza lolote, ila yule mama wa kidole gumba alileta sufuria ya maharage na ugali, akasema kijana hatafsiri kabla hajashiba. Faranga 200 bado zinakusanywa na anayeweza, kwa bando. Asiyeweza haulizwi.

Alhamisi iliyopita tulifika pale Fantine, aliyemwacha binti yake kwa watu wenye nyumba ya wageni, anapoambiwa mtoto anaumwa na pesa inatakiwa. Ni uongo, mtoto haumwi. Alikwisha kuuza nywele zake. Sasa anauza meno mawili ya mbele kwa faranga arobaini. Kati yetu wamo waliowaachia jamaa watoto wao Rutshuru na Uvira, nao hutuma kila mwezi. Ndege ikapita. Kijana akauliza kama arudishe nyuma. Kwa kitambo hakuna aliyejibu, kisha mama mmoja akasema rudisha, ila polepole.

Sasa mzee wetu amemletea simu ya pili arekodi ile tafsiri yake ya Kiswahili. Wapo jamaa zetu kambini Mahama wanaoitaka, na kadi itakwenda na msafiri wa kwanza. Kijana ameuliza kama ataje jina lake mwanzoni. Mzee amemwambia alitaje, na la baba yake pia.